Pete Kwenye Mti Mama

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na yule anayefungua barua kabla yako naye hajambo, namsalimu.

Mwezi wa tano huu tangu wakufunge, na leo ndiyo kwanza nashika kalamu. Nilikuwa na hasira na bado ninayo. Nikienda sokoni na miche, watu wananiangalia kama nimeficha panga ndani ya kapu. "Dada yake yule mwalimu aliyeua miti ya Miwani." Miparachichi arobaini, mdogo wangu, iliyokuwa ndiyo kwanza inataka kuzaa! Sawa, Miwani alitukosea. Baba alimpa bure vikonyo vyote vya mti wetu, akamfundisha kubebesha, kuviunganisha na miche mpaka vishike, halafu Miwani akabandika bango barabarani kwamba ni maparachichi ya Miwani, kana kwamba yeye ndiye aliyekesha nayo. Lakini ndiyo umkatie miti pete ya gome hadi ife? Wewe uliyewachorea wanafunzi ubaoni mti unavyokufa ukikatwa pete? Hakimu aliinua daftari la mwanafunzi wako mmoja, kila mtu akaiona ile picha uliyomfundisha kuichora, na wewe ukasimama kama gogo. Hukusema hata neno moja la kujitetea. Miaka mitano umeipokea kama mtu anayepokea chenji.

Baba hali. Namwekea sahani, anaizungusha zungusha, anasema ameshiba. Siku ya hukumu alisema miguu inamuuma akabaki nyumbani, na tangu siku ile hajabebesha mche hata mmoja. Kisu chake kimelala kwenye kopo la mbegu. Kazi yote ya kitalu ni yangu.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya mti mama. Mwaka huu umezaa kama umerogwa. Matawi yamelemewa mpaka nimeyawekea miti ya kuyashikilia. Nilifurahi, nikajisifu kwa majirani wawili watatu wanaonisemesha bado. Ila matunda ni madogo, na majani yameanza kupauka. Baba nikimuuliza anasema, "Mti umechoka." Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Ile arobaini ilikuwa watoto wake na imekwisha. Umebaki huu mmoja wa aina yake, na vikonyo vyetu vyote vinatoka humo. Ukifa, tunafunga kitalu.

Dada yako

&nbsp;

17 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Hasira yako naipokea, hata hiyo ina harufu ya nyumbani.

Usijali kuhusu msomaji wetu. Barua ya kwanza niliyomwandikia mwalimu mkuu ilikuwa na kurasa sita za habari za mizizi, na askari anayekagua barua aliniambia nimemtia usingizi kazini. Siku hizi akiona mwandiko wangu anapiga muhuri bila kusoma. Wenzangu humu wananiita Majani.

Sasa nisikilize. Shina lina njia mbili. Ya ndani, kwenye mti wenyewe, ule mgumu chini ya gome, inapandisha maji kutoka mizizini. Ya nje, kwenye gome, inashusha chakula ambacho majani yamekipika kwa jua. Katikati kuna ule utando mwembamba unaoteleza ukibandua gome, ambao Baba anauita ute. Huo ndio unaozaa gome upande wa nje na mti upande wa ndani, na ndio unaoshikanisha kikonyo na shina unapobebesha. Mtu akikata gome na ute wake kuzunguka shina zima, maji yanaendelea kupanda, kwa hiyo majani yanabaki kijani na wapita njia wanasema mti mzima. Ila chakula kikishuka kinakwama kwenye pete. Juu mti unavimbiwa, unamwaga matunda usiyoyategemea. Chini mizizi inakula akiba yake mpaka iishe, halafu inakufa kwa njaa. Inaweza kuchukua miezi mingi.

Fukua nyasi na udongo kwenye kitako cha mti mama. Tazama kama gome limekatwa. Kama limekatwa, mdomo wa juu wa jeraha utakuwa umevimba, kwa sababu chakula kinarundikana hapo. Nipimie unene wake.

Naomba usimwambie Baba kwamba nimekutuma.

Mdogo wako

&nbsp;

26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika haraka, vumilia mwandiko.

Nilingoja Baba alale mchana, nikafukua. Ipo! Pete ya upana wa vidole vinne, imezunguka shina lote, imefunikwa kwa tope na nyasi juu yake, vilevile kama ile arobaini ilivyofunikwa. Nimekaa chini nikalia. Mti huu Baba alinibeba mgongoni akaniwekea mkono kwenye shina lake kabla sijajua kutembea.

Halafu nikapima kama ulivyosema, na nikaacha kulia. Mdomo wa juu umevimba unene wa kidole gumba. Nakumbuka lile tawi la mchungwa Baba alilofunga waya akalisahau. Lilivimba hivyo kwa miezi mitano. Hesabu mwenyewe. Miezi mitano iliyopita wewe ulikuwa ndani tayari! Mkono uliokata huu si wako, na kama si wako hapa, basi hata kule kwa Miwani haukuwa wako. Kuna kitu kingine pia. Kwenye mti mtupu ulioachwa bila gome, katikati ya pete, kuna kimstari kilichoinuka kinachozunguka shina, kama kisu kiliruka mahali padogo. Nakumbuka kimstari hicho kwenye picha za mahakamani, za miti ya Miwani. Miti yenyewe Miwani ameshaichoma mkaa, lakini picha ziko kwenye faili.

Nisamehe. Miezi mitano nimekutukana moyoni kila asubuhi nikimwagilia. Kwa nini hukusema, wewe? Ungesema tu, "Si mimi"!

Wiki ijayo nakwenda kwa wakili, na nitamleta bwana shamba apime uvimbe na aandike tarehe kwa mkono wake. Sitagusa kitu mpaka wauone. Jiandae kurudi nyumbani.

Dada yako

&nbsp;

7 Machi

Dada,

Shikamoo. Usimngoje wakili. Usimngoje bwana shamba. Kwa miezi mitano mizizi imekula karibu kila ilichokuwa nacho, na kila siku unayongoja ni siku ya njaa kwake. Majani yakishaanza kupauka muda umebaki kidogo. Ujengee mti daraja siku ile ile utakayopata barua hii.

Kata vikonyo vinne kutoka matawi ya juu, unene wa penseli, virefu kuliko upana wa pete kwa vidole vinne. Kwanza safisha jeraha: kata mdomo wa juu wote uliovimba na mdomo wa chini uliokauka, mpaka ufike kwenye gome bichi linalotoa maji. Lazima uukate, la sivyo ute hautagusana. Chonga kila kikonyo ncha zote mbili, ingiza moja chini ya gome la juu na nyingine chini ya gome la chini, kipinde kidogo kama upinde, kigongomee kwa misumari midogo, ziba kwa nta. Uangalie sana upande: ncha iliyokuwa juu tawini ibaki juu. Ukikipindua, hakitashika.

Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu. Mambo yangu yanaweza kungoja.

Mdogo wako

&nbsp;

15 Machi

Wewe,

Nimefanya. Barua ilifika saa tatu asubuhi, saa nne nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope. Ungeniambia kwamba mti umebakiwa na masaa mawili ningekuamini, kwa sababu tangu utotoni ukisema jambo la mimea mimi nafunga mdomo.

Kisu changu kilikuwa butu. Nikachukua cha Baba kwenye kopo la mbegu. Nikakata ule uvimbe wote, vipande nikavitupa motoni pamoja na matawi mabovu, nimefurahi kweli, nimeimba. Nikaanza mdomo wa chini. Na pale kisu kilipopita, nikaona kimstari kikiinuka kwenye mti nyuma ya makali. Kimstari kile kile. Nikakata tena, kikatokea tena. Nikageuza kisu nikatazama. Pengo. Pengo ulilolitia wewe ukiwa darasa la tatu, ulipofungulia kopo la rangi ukachapwa kwa hilo.

Nikakiweka chini kwenye nyasi. Ndipo nikakumbuka barua yako. Nimeeleza habari ya mtu aliyetuulia mti mama, na wewe barua nzima hukuuliza ni nani. Mti wetu! Mtu mwingine angeuliza hilo kabla ya salamu.

Ulijua. Na ukanituma nikate ule uvimbe, wenye tarehe, wenye uhuru wako ndani yake, nikauchoma moto kwa mikono yangu huku naimba. Umenifanya mjinga, mdogo wangu. Umenichezea kwa kitu ninachokipenda.

Nikamalizia vikonyo vinne huku machozi yananiingia mdomoni. Sijamwambia Baba kitu. Amekaa pale kwenye kiti chake anaangalia matunda.

Sijui nikuage vipi.

&nbsp;

29 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nilikwenda mahakamani nimejiandaa kujitetea. Nilikuwa na maneno yangu kwenye karatasi mfukoni. Asubuhi ile karani alinipa zile picha nizitazame kama nina la kusema, na picha ya tatu ilikuwa ya karibu. Nikaliona pengo langu. Lilizunguka shina la Miwani kama saini. Nikairudisha picha nikasema sina la kusema, na sikuwa nalo kweli.

Ningesema nini? Kwamba mzee wa miaka sabini na minne, aliyezibebesha nusu ya bustani za wilaya hii, ndiye aliyepiga magoti mara arobaini? Humu kuna mzee mmoja wa umri wake. Analala sakafuni karibu na ndoo, na asubuhi tunamwinua watu wawili. Nilidhani watanitoza faini. Nilidhani mwaka mmoja. Hakimu aliposema mitano, nilitafuta uso wa Baba kati ya watu, hakuwepo, nikashukuru.

Ulipoandika habari za matunda mengi nilijua ametukatia na wa kwetu. Najua hata siku. Ile aliyosema miguu inamuuma.

Ni kweli nilikudanganya, na nilijua utanitii. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifungo. Lakini bwana shamba angepima, wakili angeuliza nani alikuwa nyumbani, na wangemchukua kabla hujafunga kitalu jioni. Mwache. Mpe uji. Mwambie mti unapona.

Mdogo wako

&nbsp;

8 Aprili

Mwanangu Mwalimu,

Ni mimi Baba yako. Macho hayaoni vizuri na mkono umesahau kuandika.

Barua zenu nimezisoma zote. Dada yako anazificha kwenye kopo la mbegu. Huyu mtoto hajui kuficha tangu mdogo.

Ni mimi. Miwani nilimpenda, nilimwona kama mwanangu. Siku niliyopita barabarani nikasoma bango lake, nilirudi nyumbani sioni njia. Nikasema hii miti nimeizaa mimi, nitaiondoa mimi. Sikufikiri watakuja kwako. Walipokuja kukuchukua niliinama nikaendelea kumwagilia miche. Kila siku nilisema kesho nitasema. Siku ya hukumu nikaona nimekuua wewe, basi na mama wa miti ile asibaki. Nikaukata.

Juzi nimekwenda kituoni. Nilitembea mwenyewe. Nimewaambia, miti arobaini ni mimi, na wa kwetu ni mimi. Askari akasema, "Mzee, kila mzazi aliyefungiwa mtoto anakuja na hadithi hiyo." Nikawaambia njooni mwone. Wakaja na bwana shamba. Akatazama pete, akakuta imechongwa upya, mbichi. Akasifu daraja. Askari akamgeukia dada yako akasema, "Huu umeukata wewe juzi ili umtoe ndugu yako. Una bahati ni mti wenu." Nikawaletea kisu. Wakasema, kisu hiki si hata mwalimu alikuwa anakitumia? Dada yako akasema ndiyo, maana ni kweli. Wakapanda gari lao.

Nitakwenda tena. Nitakwenda mpaka wachoke.

Kikonyo kimoja dada yako alikipindua. Nimekitoa nikaweka kingine kwa mkono wangu.

Nisamehe, mwanangu.

Baba yako

&nbsp;

21 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo.

Nimepokea barua yako. Mwandiko wako niliuona mara ya mwisho kwenye vibao vya miche, umeandika majina ya mbegu kwa rangi. Nimeutambua kabla sijafungua, na nimekaa nao mkononi mpaka chakula kikapoa.

Nimekusamehe siku ile ile niliyoiona picha. Ningekuwa na kinyongo kingenitafuna humu, na nimejitazama, sikioni. Lakini sitakudanganya, Baba, nilisubiri useme. Kila mlango uliofunguliwa nilidhani ni wewe. Mwezi wangu wa kwanza humu nilisubiri sana. Sasa umekuja, umetembea na miguu hiyo, wakakucheka, na ukasema utarudi. Mimi hilo limenitosha. Askari kama hawakuamini hiyo ni shida yao.

Usiende tena. Njia ile ni ndefu. Kaa chini ya mti umwangalie Dada anavyofunga vikonyo, umkosoe, anapenda ukimkosoa ingawa ananuna. Na ule, Baba. Kula hata kidogo. Nikitoka nataka nikukute, tukae kwenye benchi tubishane kuhusu mbolea. Niandikie vile vikonyo vimeshikaje, hasa chako.

Mwanao

&nbsp;

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa kwanza, ndiyo usome.

Baba amefariki tarehe kumi na saba Aprili. Nilituma taarifa gerezani siku hiyo hiyo kwa simu ya jirani, wakasema watakufikishia. Barua yako ya tarehe ishirini na moja inaonyesha hawakukufikishia. Niliipokea tumeshamzika siku kumi na mbili.

Alikwenda kituoni mara tatu. Mara ya tatu hawakumpa hata kiti, akasimama kwenye dirisha la mapokezi mpaka wakafunga. Aliporudi alilala, na kesho yake hakuamka kwenda kutazama mti, nikajua. Hakuwa na ugonjwa wa kuutaja jina. Tangu mwezi wa tisa alikuwa anaishi kwa alichokuwa nacho mwilini, na kikaisha. Uji wangu ulikuja umechelewa.

Barua yako nilimsomea kaburini, kwa sauti, yote. Nilipofika "nilisubiri useme" nilitaka kuyaruka maneno hayo, kisha nikayasoma. Alistahili kusikia hata hilo. Miwani alikuja mazikoni, alisimama nyuma kabisa na kofia mkononi. Nilimweleza yote. Alisikiliza akasema, "Yule mzee hakuweza kuniulia mti, alinifundisha yeye kushika kisu." Kilichokuwa na uzito kwangu hakikuwa na uzito kwake. Wakili naye amesema bila uvimbe ule hana cha kupeleka.

Sina hasira na wewe tena. Nilikuwa nayo mpaka nilipokaa na mwili wa Baba, nikafikiri, ningekuwa mimi nimeiona ile picha, ningefanya nini? Na nikaona ningefanya vilevile. Basi tumefanya sisi wote watatu, kila mtu kwa mkono wake, na aliyebaki kulipa ni wewe.

Umeuliza vikonyo. Viwili vyangu vimeshika, kimoja kimekauka. Cha Baba kimeshika na ndicho kinene kuliko vyote, kimeanza kutoa vichipukizi ambavyo itabidi nivikwanyue ili chakula chote kishuke. Sijavikwanyua bado. Nimepunguza matunda, nimeyaondoa karibu yote, na majani mapya yanakuja juu, ya rangi ya shaba. Mti mama hautakufa.

Imebaki miaka minne na miezi minne. Kufikia hapo vikonyo vitakuwa vimenenepa mpaka vimegusana, gome litafunika pete yote, na mtu akipita hatajua kwamba paliwahi kukatwa. Bwana shamba mwenyewe hataona kitu. Wewe ukija nitakupeleka, nitakushika mkono, nitakuonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Dada yako